Matundu ya Kiwandani: Safari ya Kufuata Magari ya Dragi kutoka Detroit hadi Pomona

Mbio za dragi ni shindano la magari mawili yanayosimama sambamba mwanzoni mwa njia iliyonyooka, yakaondoka taa inapowaka na kukimbia robo maili, yaani mita 402, bila kona wala mzunguko, hadi moja litangulie kuvuka mstari. Gari la kiwandani la dragi, ambalo ndilo mada ya makala haya, ni gari ambalo kampuni kubwa yenyewe, iwe Ford, Chrysler au kitengo fulani cha General Motors, ililiunda kwa ajili ya shindano hilo, ikaliachia jina na umbo la gari la kawaida la kumpeleka mtu kazini na kanisani, kisha ikaliuza katika maduka yale yale yaliyouza magari ya familia. Zama zake zilikuwa fupi, kwani yalishamiri kuanzia mwaka 1962 hivi na muongo ulipokwisha yalikuwa yameanza kutoweka, na aina nyingi ziliundwa kwa makumi tu. Kinachoyatenga na magari mengine ya kale ni kwamba historia yake imo katika vitu yaliyonyimwa, kama viti vya nyuma, redio, kipasha joto, rangi, vioo vinene, na hata chuma cha fremu, hivi kwamba fundi anayejaribu kulirudisha gari la namna hiyo katika hali yake ya kwanza hujikuta na kazi isiyo ya kawaida, ya kurudisha matundu na mapengo.

Msafiri anayetaka kuyafuata magari haya hana budi kusoma kalenda kabla ya ramani. Mwezi wa Agosti huwa Detroit, mwanzoni mwa Septemba huwa Indianapolis, Novemba huwa Rosemont pembezoni mwa Chicago, na mwaka unapogeuka huvuka nchi hadi Pomona, mashariki ya Los Angeles. Kwa msomaji wa Kiswahili njia hii ina jambo la ziada linalostahili kutajwa mapema. Chama cha Taifa cha Hot Rod, kinachojulikana kwa kifupi NHRA, ambacho Wally Parks alikianzisha mwaka 1951 ili kuwaondoa vijana kwenye mbio za barabarani, kilituma mwaka 1954 watu wanne ndani ya gari moja lililokokota trela wazunguke Marekani wakifundisha miji namna ya kuendesha mbio kwa utaratibu na usalama, na ziara hiyo ikaitwa Drag Safari, kisha Safety Safari. Neno lililotoka katika Kiarabu, likakaa pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kwa maana ya mwendo wowote wa mbali, likachukuliwa na Waingereza wakaliwekea bunduki na hema, liliishia hivyo katika msamiati wa njia za dragi, ambako lingali linatumika hadi leo.

Detroit huanzia, kwa anayeyatafuta magari haya, katika barabara ya Woodward, ambayo hutoka ukingoni mwa mto na kupanda kaskazini-magharibi kiasi cha kilomita 43 hadi mji wa Pontiac. Maili moja ya barabara hiyo ilimwagwa zege mwaka 1909, jambo lililokuwa geni kabisa wakati huo, na nusu karne baadaye barabara ile ile, sasa pana na yenye taa za kuongozea magari kila baada ya masafa mafupi, ikawa mahali ambapo wahandisi wa viwanda walikuja usiku kujaribu kazi zao dhidi ya wenzao wa kampuni nyingine, bila idhini ya polisi na mara nyingi bila idhini ya mabosi. Tangu mwaka 1995 kumbukumbu ya usiku huo huadhimishwa kila Agosti kwa msafara mkubwa wa magari ya kale uitwao Woodward Dream Cruise. Ni msafara wa polepole mno, na yeyote anayetarajia kuona magari ya dragi ya kiwandani humo huambulia machache, kwa sababu moja rahisi: mengi kati yake hayawezi kuvumilia foleni, kwani rejeta zake ni ndogo, kamshafti zake hazitaki mzunguko wa chini, na injini zake huchemka kabla ya taa ya tatu.

Kundi lililozaa fikra nyingi za magari haya lilikuwa chama cha wahandisi vijana wa Chrysler kilichojiita Ramchargers. Gari lao la kwanza lililopata sifa lilikuwa Plymouth ya mwaka 1949, kuukuu na refu kwa kimo, ambayo waliipeleka katika mashindano ya taifa ya mwaka 1959 yaliyofanyika Detroit Dragway, kusini ya jiji, ikiwa na mabomba marefu ya kuingizia hewa yaliyosimama wima juu ya injini kama filimbi za kinanda. Mabomba hayo yalikuwa darasa la fizikia, kwani hewa inayokimbilia ndani ya silinda hugonga valvu inapofunga, wimbi la mgandamizo likarudi nyuma na kisha kuja tena mbele, na kama urefu wa bomba umepimwa sawasawa wimbi hilo hufika valvu inapofunguka tena, likaisukuma hewa ndani kwa nguvu ambayo haikugharimu chochote. Mmoja wa wahandisi hao, Tom Hoover, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426, takribani lita 7, iliyopata jina kutokana na chumba chake cha kuwakia chenye umbo la nusu tufe, umbo linaloruhusu valvu kubwa zikae zikitazamana na hewa ipite bila kupinda sana. Injini hiyo ilitolewa Februari 1964 katika mbio za Daytona, ambako magari ya Plymouth yalishika nafasi tatu za kwanza, Richard Petty akiwa mbele, na mwaka huo huo ikaingizwa katika Dodge na Plymouth nyepesi zilizouzwa kwa ajili ya dragi.

Ni lazima ieleweke kwa nini kampuni zilijisumbua kuuza magari ambayo mtu wa kawaida hakuyahitaji. Madaraja ya mashindano yaliyovutia watazamaji, hasa lile la Super Stock, yalidai kwamba gari liwe lile ambalo kiwanda kimeliuza kwa umma, na kwamba liwe limeundwa kwa idadi fulani ya chini, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa magari 50. Kampuni iliyotaka kushinda Jumapili ili iuze Jumatatu ilikuwa, kwa hiyo, haina njia ila kuligeuza gari la mashindano kuwa bidhaa, liwe na namba ya usajili wa kiwanda, bei na ankara, hata kama mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa anajulikana kwa jina. Wakati huo huo wakuu wa kampuni walikuwa wameshaafikiana tangu Juni 1957, kupitia jumuiya ya watengenezaji magari, kwamba hawatajihusisha na mbio, makubaliano ambayo yalivunjwa kwanza kwa siri na kisha hadharani.

Mfano ulio bora wa kupunguza uzito uko mwishoni mwa Woodward, mjini Pontiac. Kwa msimu wa mwaka 1963 kitengo cha Pontiac kiliunda Catalina chache sana, ambazo hesabu inayokubaliwa na wengi ni 14, zikiwa na injini ya Super Duty ya inchi za ujazo 421, madigadi, boneti na bampa za alumini, na fremu ya chuma iliyopunguzwa unene kisha ikatobolewa matundu makubwa kwa makumi hadi watu wakaiita jibini ya Uswisi. Gari refu kuliko vyumba vingi vya kulala likashuka hadi uzito wa takribani kilo 1,500. Januari 1963, wakati magari hayo ndiyo kwanza yanatoka, wakuu wa General Motors waliamuru vitengo vyote viache mbio mara moja, na Catalina hizo zikazaliwa yatima, bila vipuri, bila mhandisi wa kupigiwa simu, na bila fremu nyingine ya kuchukua nafasi ya ile iliyotobolewa, ambayo kwa asili yake ilielekea kupasuka. Waliozimiliki walizichomelea, wakazitia viraka, wakaziba matundu kwa vipande vya chuma. Miongo kadhaa baadaye fundi aliyepewa kazi ya kuzirejesha alipaswa kung'oa viraka hivyo na kuufunua tena udhaifu ule ule uliokuwa umetibiwa kwa busara, na hapa mwandishi wa makala haya haoni njia ya kukwepa kusema kwamba kwa kila kipimo cha ufundi wa kawaida kazi hiyo ni kuharibu.

Kilomita chache kutoka katikati ya Detroit, upande wa magharibi, uko mji wa Dearborn, makao ya Ford, ambako mwaka 1964 zilitoka Fairlane 100 zilizoitwa Thunderbolt. Fairlane ilikuwa gari la ukubwa wa kati na haikukusudiwa kubeba injini ya inchi za ujazo 427, hivyo kazi ya kuibana injini hiyo ndani ilipewa karakana ya Dearborn Steel Tubing, nayo ikahamisha na kubadilisha sehemu za springi za mbele ili mabomba ya ekzosi yapate pa kupita. Taa mbili za ndani kati ya nne za mbele ziliondolewa, na katika mashimo yake kukawekwa wavu na mabomba manene ya kupeleka hewa baridi kwenye kabureta mbili. Boneti ya fibagilasi ilivimba kama tone la maji ili kuifunika injini. Vioo vya pembeni vilikuwa vya plastiki. Viti vilikuwa vile vyepesi vya gari dogo la mizigo. Na betri nzito ya lori iliwekwa ndani ya buti, upande wa kulia, ili uzito wake uigandamize tairi ya nyuma ambayo injini huelekea kuiinua gari linapoondoka. Ndani ya kisanduku cha dashibodi kulibandikwa kibao cha chuma kilichomwarifu mnunuzi kwamba gari limeundwa kwa mashindano, na kwamba kwa sababu ya kupunguza uzito sehemu zake za nje hazikufikia viwango vya kawaida vya Ford vya kukaa sawasawa wala vya mwonekano. Kampuni iliyojivunia ubora ilikuwa imekiri kwa maandishi ya kudumu kwamba milango haikai vizuri, na leo kibao hicho kimekuwa miongoni mwa vitu vidogo vinavyotafutwa sana na wenye magari hayo.

Chrysler ilikwenda mbali zaidi. Kwa mwaka 1965 magari yake machache yalisogezwa ekseli ya nyuma mbele kwa sentimita 38 na ya mbele kwa sentimita 25, ili uzito mwingi ulalie tairi zinazosukuma, na bodi zake zikatumbukizwa ndani ya asidi ili chuma kiliwe kidogo kidogo mpaka kiwe chembamba. NHRA iliyakataa, vyama vingine vikayakubali, na watazamaji walioona magari yenye magurudumu yasiyokaa mahali pake wakayaita magari ya kuchekesha, jina lililokuja kuwa la daraja zima la dragi. Asidi ile ina ubaya ambao mrejeshaji huujua kwa mikono yake, kwani huingia katika mikunjo na maungio ambamo maji ya kuoshea hayafiki, ikabaki humo, na kutu ikaendelea kuanzia ndani kwa miaka mingi baada ya gari kuacha kukimbia.

Mji wa Hamtramck, uliozungukwa na Detroit karibu pande zote, ulikuwa na kiwanda kikubwa kiitwacho Dodge Main, kilichofungwa mwaka 1980 na kubomolewa mwaka uliofuata, na mahali pake kikajengwa kiwanda cha General Motors. Hakuna cha kuona hapo kwa msafiri wa mada hii, naye hupita tu. Lakini ni kutoka Dodge Main ambako mwaka 1968 zilitoka bodi za Dodge Dart na Plymouth Barracuda, ambazo jumla yake hukadiriwa kuwa 150 hivi, zikapelekwa karakana ya kampuni ya Hurst kaskazini ya jiji ili zitiwe Hemi. Mnunuzi alikabidhiwa gari lililopakwa rangi ya msingi tu, lile tabaka la kijivu ambalo fundi hupaka kabla ya rangi yenyewe, likiwa na madigadi na boneti ya fibagilasi, milango iliyopunguzwa kwa asidi, vioo vyembamba vya kampuni ya Corning vilivyopandishwa kwa kuvuta mkanda, na tangazo kwamba halikutengenezwa kwa barabara za umma. Nguvu iliyotangazwa ilikuwa farasi 425, na hakuna aliyeiamini.

Hapo ndipo urejeshaji, yaani kulirudisha gari katika hali liliyokuwa nayo siku fulani mahususi, unapokuwa zaidi ya kazi ya gereji. Gari la kawaida la kale lina siku moja inayokubalika, siku lilipotoka kiwandani likiwa kamili. Gari hili siku hiyo lilikuwa halijakamilika, na likakamilishwa na mtu mwingine, kwa rangi yake, jina lake na makosa yake. Mshika mbio wa zama hizo aliponunua Hemi Dart alilipaka rangi aipendayo, akamwita mchora herufi aandike jina la gari ubavuni kwa brashi na wakati mwingine kwa jani la dhahabu, desturi ambayo msomaji aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Mombasa akasoma migongo ya malori hatahitaji kuelezwa. Baada ya misimu miwili gari liliuzwa, likapakwa upya kwa jina jingine, likakatwa nafasi za magurudumu ili tairi pana ziingie, likang'olewa injini, na mwishowe likasahaulika nyuma ya banda. Mrejeshaji anayelipata ana angalau siku tatu za kuchagua kati yake, na kila moja inaifuta nyingine.

Ushahidi husomwa kwa mpangilio unaofanana na wa mwanaakiolojia. Rangi husuguliwa kwa msasa laini wenye maji, tabaka moja baada ya jingine, polepole kiasi kwamba mlango mmoja waweza kumaliza siku nyingi, hadi herufi za jina la zamani zijitokeze kama kivuli chini ya rangi ya mwisho. Picha za rangi zilizopigwa na watazamaji wa kawaida, ambao hawakujua kwamba wanahifadhi kumbukumbu, hutafutwa ili kuonyesha mahali hasa ambapo kibandiko cha plagi au cha mafuta kilikaa. Karatasi za kiwandani zilizoelekeza vifaa vya kila gari hupatikana ndani ya springi za kiti cha Chrysler au juu ya tangi la mafuta la Chevrolet, mahali zilipoachwa na wafanyakazi, na mara nyingi panya wamekwisha kuzila nusu. Kwa Pontiac kumbukumbu za mauzo zimehifadhiwa vizuri. Kwa Ford kumbukumbu za kina zipo kuanzia magari ya mwaka 1967, hivyo mwenye Thunderbolt hubaki na ushahidi wa chuma na wa mashahidi. Kigezo kinachopendwa na wafanyabiashara wa magari ya kale, cha kutaka injini iwe ile ile ya kuzaliwa, hapa hakina maana kubwa, kwa sababu gari la dragi lililokuwa likishinda lilipasua injini na kupewa nyingine ndani ya sanduku, na lile lililobaki na injini yake ya kwanza huenda ni lile ambalo halikukimbizwa kwa bidii.

Metali nazo zina tabia zake. Bomba la kuingizia hewa la Hemi ya mwaka 1965 lilikuwa la magnesi, ambayo ikilowa huoza na kuwa unga mweupe. Madigadi ya alumini hulika pale yanapogusana na bolti za chuma, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana na unyevu hufanya kazi ya betri ndogo na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Fibagilasi ya kiwandani ilikuwa nyembamba na hupasuka mistari kama udongo uliokauka. Vipande vipya vya kuiga vipo, na mara nyingi ni bora kuliko vya asili. Ubora huo ndio unaoleta shida, kwani fundi stadi leo anapaswa kujizuia asinyooshe pengo la mlango, apulize rangi nyeusi chini ya gari kwa haraka ile ile ya mfanyakazi aliyekuwa akingojea kengele ya chakula, na achore alama za chaki za wakaguzi kwa mwandiko mbaya. Uzembe wa dakika mbili wa mwaka 1964 hugharimu siku nzima kuuiga.

Indianapolis huonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mashindano ya taifa ya NHRA yamekuwa yakifanyika kwenye njia yake tangu mwaka 1961, wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, na mti wa taa unaoruhusu magari kuondoka, ambao leo ndio nembo ya dragi duniani kote, ulianza kutumika huko mwaka 1963 badala ya mtu mwenye bendera. Humo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hufanyika shindano la pekee kwa Dart na Barracuda za mwaka 1968 zenye Hemi, magari ambayo hayakurejeshwa kwa sababu hayakustaafu. Yalipokuwa mapya yalimaliza robo maili kwa sekunde kumi na ushei. Sasa humaliza chini ya sekunde 9, yakiinua magurudumu ya mbele juu ya lami, na karibu kila kitu ndani yake kimebadilishwa, gia, ekseli, pistoni, tairi, na baadhi yake hata bodi, kwani mengine yalianza maisha kama Dart za kawaida za kwenda dukani. Yupo atakayeuliza kama hilo bado ni gari la mwaka 1968. Jibu linalosikika kwenye njia yenyewe, mlio wa Hemi mbili zikikanyagwa kwa pamoja hadi kifua cha msikilizaji kitikisike, halisemi lolote kuhusu namba za bodi, na mwandishi wa makala haya anakiri kwamba alipousikia alipoteza kwa muda hamu ya swali hilo.

Rosemont, miezi miwili baadaye, ni kinyume chake kabisa. Karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare, ndani ya ukumbi wenye zulia, hufanyika kila Novemba tangu mwaka 2009 maonyesho ya magari yenye nguvu ya Marekani, ambamo waamuzi huinama na tochi kutazama rangi ya bolti. Ni hapo ambapo magari matatu ya aina moja huweza kuonekana yakiwa yametunzwa kwa imani tatu tofauti, la kwanza likiwa la kijivu kama lilivyotoka Hurst, la pili likiwa na rangi na majina ya msimu wake wa ushindi, la tatu likiwa limeachwa na vumbi, mikwaruzo na vinyesi vya ndege vya bandani. Gari la kijivu hupata alama nyingi kwa usahihi. Hata hivyo hali hiyo ya kijivu ilidumu kwa kawaida siku au majuma machache tu, na hakuna aliyelipia tiketi ili aione. Lililotazamwa na maelfu lilikuwa lile lenye jina. Kwa maoni ya mwandishi, penye picha na mabaki ya herufi za kutosha, jina linastahili kutangulizwa.

Sababu ya kulisisitiza jina ni kwamba ndilo linalombeba mtu. Malcolm Durham, dereva na fundi mweusi wa eneo la Washington aliyekimbiza Chevrolet alizoziita Strip Blazer, alijipatia umaarufu katika miaka ya 1960 kwa mbio za kualikwa, ambapo wenye njia za dragi waliwalipa madereva wawili maarufu wakutane mbele ya watazamaji wao; aliitwa D.C. Lip, kwa mfano wa jina la utani la Muhammad Ali, na baadaye NHRA ikamweka miongoni mwa madereva wake 50 bora. General Motors ilikuwa imejiondoa rasmi wakati huo, na Chevrolet ya kiwandani yenye injini ya inchi za ujazo 427 ya mwaka 1963 ikirejeshwa kama ilivyotoka kiwandani haimtaji Durham wala mtu mwingine yeyote aliyeitia akili baada ya kiwanda kuiacha. Inakuwa bidhaa ya kampuni iliyoikana.

Magharibi mwa Illinois, mbali na barabara kuu, kiko kijiji cha LaHarpe, ambako muuzaji wa Chevrolet aitwaye Fred Gibb aliagiza Camaro 50 za mwaka 1969 zenye injini ya alumini tupu, ziitwazo ZL1, ili idadi iliyotakiwa na NHRA itimie. Ankara ilipofika ilionyesha zaidi ya dola 7,000 kwa kila gari, karibu mara mbili ya Camaro ya kawaida yenye nguvu, na mengi ikabidi yasambazwe kwa wauzaji wengine. Jumla yaliundwa 69. Chevrolet ilipoanza mwaka 2012 kuuza tena Camaro za dragi ambazo haziruhusiwi barabarani, iliweka kikomo cha 69 kwa mwaka, na hivyo hesabu iliyotokana na magari yaliyokosa wanunuzi ikageuzwa kuwa heshima.

California hufikiwa msafiri akiwa ameshachoka na chuma. Njia nyingi za dragi zilizoyapa magari haya jina hazipo tena. Lions, iliyokuwa Wilmington karibu na bandari, ilifungwa Desemba 1972. Pomona imebaki. Mashindano ya majira ya baridi yalianza hapo mwaka 1961, Don Nicholson akashinda daraja la magari ya kawaida kwa Chevrolet ya inchi za ujazo 409; mwaka 1966 Shirley Shahan akawa mwanamke wa kwanza kushinda shindano kubwa la NHRA, akiendesha Plymouth yenye Hemi; na mwaka 1968 Al Joniec alishinda Super Stock kwa Mustang ya Cobra Jet, mojawapo ya kundi dogo jeupe ambalo Ford ililikimbiza kwa ajili ya wikiendi hiyo. Jumba la makumbusho lenye jina la Wally Parks, lililofunguliwa mwaka 1998 katika viwanja hivyo hivyo, lina magari yaliyotulia, safi, yasiyo na harufu.

Harufu iko nje, kwenye njia, ambako kikosi cha Safety Safari, warithi wa wale wanne wa mwaka 1954, hukwangua mpira wa tairi ulioganda kwenye zege, hupuliza gundi ya kushikisha magurudumu, na huzima moto. Gari la Super Stock linapopasua injini au kugusa ukuta, wao ndio hufika kwanza, wakamtoa dereva, wakamwaga unga wa kunyonya mafuta, kisha wakashika mifagio mipana wakafagia vipande vya boneti ya fibagilasi, vioo na bolti hadi pembeni, wakavitia ndani ya pipa la taka, na magari mawili yanayofuata yakaitwa mstarini.